Mji kasoro bahari, ila maharamia tulikuwa nao



Wote mnajua sisi wa Morogoro tunajisifu kwamba mji wetu ni mji kasoro bahari. Yaani kila kitu tumepewa: milima ipo, maji yanashuka yenyewe, ndizi, nanasi, mboga za kila aina, ila bahari tu ndiyo tumenyimwa. Nimekulia na msemo huo na hadi leo nikiwa Dar mtu akinitania kwamba natoka porini namjibu hivyohivyo.

Leo nataka kuongeza kitu kwenye msemo huo. Bahari hatuna, lakini maharamia tulikuwa nao. Walikuwa hawana jahazi wala ngalawa, ila kazi yao ilikuwa ya haramia kabisa, na mmoja wao ndiye aliyeujenga mji huu.

Wazo hili nimelipata kwa rafiki yangu Mjapani aliyekuwa pale SUA akifuatilia mambo ya kilimo cha milimani. Kwao ni Imabari, mji wa pwani kule kusini-magharibi ya Japani. Jioni moja tukiwa tunakula chipsi mayai nikamwuliza kwao kuna nini cha kujivunia, maana sisi tuna Uluguru. Akajibu bila hata kufikiri: maharamia. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza, na mimi kwa tabia ya kazi yangu nikaenda kusoma zaidi. Kati ya visiwa vikubwa vya Japani kuna bahari ya ndani, imefungwa pande zote, imejaa visiwa vidogo vidogo na mikondo mikali ya maji. Chombo chochote kinachotoka magharibi kwenda Kyoto na Osaka lazima kipite humo. Katika karne za 15 na 16, wakati Japani imegawanyika kila bwana na jeshi lake, ukoo mmoja wa Murakami uliikalia njia hiyo. Ukoo wenyewe ulikuwa na matawi matatu, kila moja na kisiwa chake: Noshima, Kurushima na Innoshima.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kusikiliza vizuri. Hawa jamaa hawakuwa wanakimbiza majahazi kila siku huku wamekamata visu kwa meno kama kwenye sinema. Walikaa pale penye mlango mwembamba wa bahari wakangoja. Ukifika unalipa. Ukilipa unapewa mtu wao wa kukuongoza kwenye mikondo, au unapewa bendera yenye alama ya ukoo, na ukiipandisha hakuna wa kukugusa. Usipolipa, basi, hapo ndipo utakapojua kwa nini wanaitwa maharamia. Mwaka 1586 mapadre Wajesuiti kutoka Ureno walipotaka kupita salama walikwenda kumwomba bwana wa Noshima, na wakapewa bendera ya hariri. Padre Luis Frois, aliyeandika habari hiyo, alimtaja bwana huyo kuwa haramia mkubwa kuliko wote Japani. Fikiria, mapadre wazima wanaomba kibali kwa mwizi mkuu, na wanashukuru wakikipata!

Nikamwambia rafiki yangu, bwana wee, hiyo ni hongo. Akaniuliza hongo ni nini.

Swali lile lilinikosesha usingizi. Maana hongo leo tunajua ni nini: ni ile ya chini ya meza, ile ambayo TAKUKURU wanabandika mabango kuikataza. Lakini ukisoma habari za misafara ya karne ya 19, ile ya kutoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora hadi Ujiji, hongo haikuwa jambo la kificho hata kidogo. Hongo ilikuwa ada ya kupita. Kila mwenye nchi aliitoza: doti kadhaa za merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Watu walijadiliana bei siku mbili tatu mchana kweupe, ngoma ikapigwa, msafara ukapita. Wagogo walisifika kwa kutoza nzito kwa sababu maji yalikuwa kwao. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba baadaye akaja mtozaji mkubwa zaidi, akasema kuanzia sasa anayeruhusiwa kutoza ni mimi peke yangu, na yangu itaitwa kodi. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1898. Za wengine wote zikabaki na jina la hongo, na jina likaoza.

Lakini nisiruke. Turudi Morogoro.

Itazame ramani. Msafara ukitoka pwani kwenda bara unakutana na ukuta wa Uluguru. Unaweza kuuzunguka kwa kusini, njia ya Dutumi na Zungomero, ndiyo aliyopita Burton na Speke mwaka 1857. Au unapita kaskazini, kwenye uwazi chini ya mlima, kando ya Mto Ngerengere, halafu unaingia mbuga ya Mkata ambayo masika inageuka kuwa bwawa la tope. Uwazi huo ndio mlango wetu mwembamba. Barabara kuu inapita hapo leo, reli ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907 inapita hapo, na treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 nayo inapita hapohapo. Mtu akiukalia uwazi huu hana haja ya kumkimbiza mtu yeyote.

Aliyeukalia anaitwa Kisabengo.

Alikuwa Mzigua. Maelezo yanayojulikana zaidi juu yake ni ya Henry Stanley, yule mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Livingstone. (Mwandishi mwenzangu, ndiyo, ila ushirika wetu unaishia hapo. Mtu aliyewachapa wapagazi viboko na baadaye kumtumikia Mfalme Leopold kule Kongo sitamwita kaka.) Stanley alipita hapa mwaka 1871 wakati Kisabengo ameshakufa. Anaeleza kwamba alitoka katika familia ya watu wa kawaida, mwenye nguvu nyingi za mwili na ulimi wa kuvuta watu. Watumwa waliotoroka walimfanya kiongozi wao. Sultani wa Zanzibar alikuwa anamtaka, akakimbilia Ukami, akapigana, Wakami wakamwachia bonde la Ngerengere. Hapo akajenga mji na kuuita Simbamwene. Na alikuwa mtekaji wa watu. Hilo Stanley halizungushi.

Kuna jambo linaniumiza kichwa. Wazigua wenyewe waliuzwa kwa maelfu. Katika njaa ya miaka ya 1830 wengi walishuka pwani, wakasafirishwa hadi Usomali kwenye bonde la Mto Juba. Vizazi vyao wameendelea kusema Kizigua huko hadi vita vya Somalia vilipowafukuza miaka ya 1990, na baadhi walirudi Tanzania, wakapewa ardhi Chogo kule Handeni, na uraia wakapata. Wengine walipelekwa Marekani. Kwa hiyo Kisabengo anatoka katika watu waliouzwa, aliongoza watu waliotoroka kuuzwa, na biashara aliyoichagua ikawa kuuza watu. Sijui mtu anafikaje hapo. Au labda najua: aliona duniani kuna wa kukamata na wa kukamatwa, akachagua upande.

Mji wenyewe ulikuwa si mchezo. Stanley anautaja kuwa na ukuta wa mawe wenye matundu ya bunduki, minara minne kwenye pembe, na malango manne yakitazama kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, yenye milango ya mbao ngumu iliyochongwa kwa nakshi kama za Zanzibar. Wakazi aliwakadiria kati ya elfu tatu na elfu tano. Huo ndio mji tunaouita kitovu cha Morogoro. Ngome ya kukamatia njia, kama zile za akina Murakami kule Noshima, ila hii imezungukwa na mihindi badala ya maji.

Halafu linakuja lile lililonifanya niandike haya. Kisabengo alipozeeka alibadili jina. Lile la Kisabengo lilikuwa limeshanuka kuanzia hapa hadi Zanzibar, basi akajiita Simbamwene, jina la mji wake. Na kabla ya kufa akaagiza bintiye mkubwa amrithi, na jina hilo akamwachia. Kwa hiyo aliyemkuta Stanley ni mwanamke, Simbamwene binti Kisabengo, mtawala kamili. Wageni walishangaa. Huku kwetu haikuwa ajabu sana, maana Waluguru, Wakami, Wakutu, Wazigua, wote wanahesabu ukoo kwa mama.

Na mama huyu hongo aliijua. Msafara wa mbele wa Stanley ulikuwa umeshalipa, akataka tena. Stanley akagoma, akajiona mjanja. Baadaye kidogo Stanley akawatuma askari wake warudi nyuma kumtafuta mpishi aliyetoroka. Simbamwene akawakamata, akawaachia baadaye, bunduki akabaki nazo. Niseme ukweli, pale nilicheka. Mwaka uliofuata, 1872, mwezi wa nne, ilikuja dhoruba ile kubwa iliyovunja Zanzibar na Bagamoyo, na huku mito ikafurika. Stanley akirudi pwani akakuta ukuta wa mbele wa mji umesombwa na maji pamoja na nyumba kama hamsini.

Ukoo haukuisha. Wajerumani walipokuja waliukuta umeshika mji, kwa jina la Kingo. Ndiyo maana leo tuna kata ya Kingo. Tuna Kingolwira. Tuna Sultan Area. Kwa Kisabengo sijaona.

Kwa maneno mengine, mzee alifanikiwa. Alitaka jina lile lisahaulike na limesahaulika. Ukiwauliza vijana pale stendi ya Msamvu Kisabengo ni nani, wengi watadhani ni mchezaji wa zamani wa Mseto.

Sasa linganisheni na akina Murakami. Hao nao hawakumalizwa na watu wema. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, baada ya kuziweka karibu nchi zote za Japani mkononi mwake, alipiga marufuku uharamia wa baharini. Mwaka huohuo akawanyang'anya wakulima panga zao. Alikuwa mtozaji mkubwa aliyefunga vibanda vya wadogo, hakuna cha ajabu. Tawi la Kurushima lilikuwa limeshamkimbilia mapema, likapewa ubwana, na hapa nisikilizeni: mwaka 1601 watawala wapya wakalihamishia Mori, kisiwa cha Kyushu, ndani kabisa milimani, pasipo bahari. Maharamia wa vizazi na vizazi wakaishia kwenye mji kasoro bahari! Nilimwambia rafiki yangu wangekuja huku tu, tungewapokea.

Baada ya hapo Wajapani wakaanza kuwaita kwa heshima. Badala ya kaizoku, yaani maharamia, wakaitwa suigun, yaani jeshi la majini. Pale Imabari walipofungua makumbusho yao yaliitwa hivyo, makumbusho ya jeshi la majini la Murakami. Mwaka 2020 wakayabadili jina. Yakawa makumbusho ya maharamia wa Murakami. Wenyewe, kwa hiari yao, wamelirudisha neno baya.

Najua kuna biashara ndani yake, watalii wanapenda maharamia. Hata hivyo nimelifikiria sana. Maana mtu akisema jeshi la majini huulizi swali. Akisema haramia unauliza: alimwibia nani?

Na hilo ndilo swali ambalo Morogoro hatuliulizi. Niliwahi kuandika makala ya gazetini kuhusu historia ya mji. Aya iliyotaja utekaji wa watu ilitolewa kabla ya kuchapwa; nikaambiwa makala ni ya utalii, tusiwachafue waasisi, na wajukuu zao wapo. Wajukuu wapo kweli na sina ugomvi nao hata chembe, mtu halipi deni la babu wa babu yake. Lakini na waliouzwa wana wajukuu. Au walikuwa nao wasingeuzwa.

Tena tusijifanye kwamba ukali huu ni wa Mwafrika wa bara peke yake, maana najua kuna watakaosoma hapa na kusema tunaona, hata machifu wenu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na mizinga, akamtisha mtawala hadi akatoa dhahabu. Dhahabu ile ilifuliwa chombo cha kanisani, kikamalizika mwaka 1506, na hadi leo kinaitwa hazina ya taifa la Ureno. Halafu Wareno wakaanza kuziuzia jahazi za Bahari ya Hindi vyeti vya kupita, usipokuwa nacho chombo chako halali yao. Bendera ya Noshima ileile, ila kwa karatasi na muhuri wa mfalme. Hakuna kitabu cha shule nilichosoma mimi kinachomwita Da Gama haramia. Anaitwa mvumbuzi. Vijana wa Kisomali walioteka meli miaka ile ya 2008 hadi 2011 tuliwaandika maharamia kila siku kurasa za mbele, na sawa, walikuwa maharamia. Nami niliwaita hivyo na ningewaita tena. Nataka tu rula iwe moja.

Burton ameandika jambo moja dogo juu ya siku zake za Dutumi, mwaka 1857, upande wa kusini wa milima yetu. Watu wachache wa kijiji walikuwa wametekwa na chifu jirani. Yeye akatuma watu wenye bunduki, wakarudishwa. Anasema mabibi wawili wazee miongoni mwao walimshukuru kwa machozi. Basi. Majina hakuandika. Anaandika majina ya machifu, ya mito, ya punda wake karibu, lakini wale mabibi wawili ni mabibi wawili tu.

Nikamaliza kusoma hapo nikapanda gari kwenda Matombo kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi hajui Stanley wala Burton, na nilipomtajia Kisabengo alinyamaza kidogo akasema huyo ni mtu wa chini, wa bondeni. Waluguru wengi walipanda milimani kukimbia vita vya tambarare, hiyo kila mmoja wetu ameambiwa. Kinachosahaulika ni kwamba mlimani huwezi kukaa bila kushuka. Misafara ilinunua chakula. Ukiwa na ndizi na mahindi na huna chumvi wala nguo, utashuka tu. Nilimwuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyeshuka akapotea.

Akasema yupo.

Nikatoa daftari. Jina lake nani? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Akasema anaitwa aliyeshuka. Mjukuu wangu, wewe unaandika andika sana, alisema, hivyo ndivyo mama yangu alivyoambiwa na mama yake. Alishuka na mzigo wa ndizi siku ya soko, akiwa hajaolewa. Kutwa ile walisikia bunduki kutoka bondeni. Kwa muda mrefu walimwekea chakula, halafu wakaacha.

Alitekwa na watu wa Kisabengo, au wa mtu mwingine? Wakamataji walikuwa wengi, na miaka ya mambo ya bibi haihesabiki kwa tarakimu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, basi itakuwa kabla ya hapo, au baadaye kwa magendo. Mtu wa mahakamani hawezi kunipa hukumu kwa ushahidi huu na wala siitafuti.

Nilimwomba bibi anihesabie watoto wa yule mama wa zamani ambaye sisi wote wa lukolo letu tumetoka kwake, nami nikaandika. Wa kwanza mwanamke, akanitajia jina, na wajukuu wake waliko: Mkuyuni, Kiroka. Wa pili mwanamume, akamtaja. Wa tatu, aliyeshuka. Wa nne mwanamke, ndiye aliyemzaa bibi yake.

Nikaacha mstari wa tatu wazi kwenye daftari. Bibi aliona, akachukua kalamu mkononi mwangu, na kwa kuwa yeye hajui kuandika akachora hapo mstari mmoja mfupi unaoteremka.